Majimbo yaliyoamuliwa bila kusikilizwa: uchambuzi wa hukumu R.Const. 0089/2015

Tarehe 8 Septemba 2015, Mahakama ya Katiba mjini Kinshasa, iliyokuwa na miezi mitano tu tangu majaji wake wa kwanza kula kiapo, ilitoa hukumu iliyosajiliwa kwa namba R.Const. 0089/2015, ikiiamuru Serikali ichukue hatua za mpito katika majimbo mapya ambayo bado hayakuwa na magavana. Kwa sisi wa Lubumbashi hukumu hiyo ilibaki kwenye vitabu vya wanasheria kwa wiki chache tu. Kabla mwaka haujaisha, jimbo letu jipya la Haut-Katanga lilikuwa likiongozwa na mtu aliyeteuliwa na Rais wa Jamhuri, ingawa ibara ya 198 ya Katiba inasema kwamba gavana na makamu wake huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa muhula wa miaka mitano. Wengi wamekwisha kuilaumu au kuitetea hukumu hiyo kwa sababu za kisiasa, kutegemea kila mmoja alisimama upande gani mwaka ule. Mimi nataka kuisoma kama mwanasheria, neno kwa neno pale inapobidi, kwa sababu naamini kosa lake kubwa lilianza kabla majaji hawajaandika chochote: swali lililohusu majimbo lilipelekwa Mahakamani na asiye na haki ya kuliuliza, na majimbo yenyewe, yaliyokuwa na haki hiyo, yalikaa kimya.

Jimbo lililokatwa vipande vinne

Katiba ya 18 Februari 2006 ilitaja katika ibara yake ya 2 majimbo 25 pamoja na jiji la Kinshasa, lenye hadhi ya jimbo. Wakati huo nchi ilikuwa na majimbo 11 tu, Kinshasa ikiwemo. Ibara ya 226 ilitoa miezi 36, ikihesabiwa tangu taasisi mpya za kisiasa zianze kazi, ili mgawanyo huo utekelezwe. Miezi hiyo ilipita bila jambo lolote kufanyika, na marekebisho ya Katiba ya 20 Januari 2011 yaliufuta muda huo, yakaiachia sheria maalum, iitwayo sheria ya mpango, kazi ya kupanga namna majimbo mapya yatakavyosimikwa. Miaka minne mingine ikapita. Halafu, ghafla, kila kitu kikaenda mbio: sheria ya mpango namba 15/004 ilitangazwa tarehe 28 Februari 2015, na sheria organiki (sheria inayotungwa kutekeleza ibara ya Katiba) namba 15/006, inayochora mipaka ya majimbo, ikafuata tarehe 25 Machi.

Majimbo sita ya zamani yaligawanywa yakawa 21. Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Maniema, Bas-Congo na Kinshasa hayakuguswa, na ndiyo maana wenzetu wa Goma na Bukavu waliipokea hukumu hii kama habari ya jirani. Katanga, jimbo lenye karibu kilomita za mraba laki tano, lilizaa manne: Haut-Katanga na makao yake Lubumbashi, Lualaba na Kolwezi, Haut-Lomami na Kamina, Tanganyika na Kalemie. Migodi mikubwa ya shaba na kobalti ikabaki katika mawili ya kwanza. Kamina na Kalemie zilirithi eneo kubwa, barabara mbovu na sehemu ndogo sana ya mapato yaliyokuwa yakiingia katika sanduku moja la Lubumbashi.

Katikati ya mwaka ule wa 2015 hali ilikuwa hivi. Bunge la Katanga lilikuwa limekwisha, na wabunge wake waligawanywa katika mabunge manne mapya kulingana na sehemu walizochaguliwa. Ni muhimu kukumbuka kwamba wabunge hao walichaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006, kwa muhula wa miaka mitano, na hakuna uchaguzi mwingine wa majimbo uliokuwa umefanyika tangu hapo. Gavana Moïse Katumbi, aliyechaguliwa Januari 2007, alibaki na cheo cha kuongoza jimbo ambalo kisheria halikuwepo tena. Katika ofisi za mjini barua ziliendelea kuandikwa kwenye karatasi zenye kichwa cha Jimbo la Katanga, zikagongwa muhuri wa Katanga, zikasambazwa kwa watumishi ambao wengine walikwisha kuambiwa kwamba kazi yao sasa iko Kamina. Mtu yeyote aliyepokea karatasi ya namna hiyo, awe mwenye kiwanja, mfanyabiashara au mwalimu, alikuwa na haki ya kujiuliza ni mamlaka gani hasa yamemwandikia.

Swali, na aliyeliuliza

Tume ya Uchaguzi, CENI, ilikuwa imetangaza tarehe 12 Februari 2015 kalenda ya chaguzi zote. Kalenda hiyo iliweka uchaguzi wa majimbo, wa komini na wa mitaa tarehe 25 Oktoba 2015. Baada ya mgawanyo kuharakishwa, ililazimika kuingiza pia uchaguzi wa magavana wa majimbo mapya 21, ambao ulipangwa kwanza kufanyika 31 Agosti, kisha ukasogezwa hadi 6 Oktoba. Fedha hazikuja kwa wakati na taasisi za majimbo mapya zilikuwa bado hazijakamilika. Kwa hiyo, mwishoni mwa Julai, CENI ikaandika kwa Mahakama ya Katiba. Iliomba tafsiri ya kifungu cha 10 cha sheria ya mpango ya 28 Februari 2015 na ya vifungu vya 168 na 170 vya sheria ya uchaguzi, na pia iliomba maoni ya Mahakama kuhusu kuendelea kwa mchakato mzima wa uchaguzi kama ulivyopangwa Februari.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuifungua Katiba katika ibara ya 161 na kuisoma polepole. Ibara hiyo inaipa Mahakama uwezo wa kutafsiri Katiba. Sheria za kawaida haizitaji. Kisha inataja mmoja mmoja wale wanaoweza kuomba tafsiri hiyo: Rais wa Jamhuri, Serikali, Rais wa Seneti, Rais wa Bunge la Taifa, sehemu moja ya kumi ya wajumbe wa kila baraza la Bunge, magavana wa majimbo, na marais wa mabunge ya majimbo. CENI haimo katika orodha hiyo. Ombi lake lilikuwa na kasoro mbili kwa pamoja, ya kitu kilichoombwa na ya mtu aliyeomba, na kila moja peke yake ingetosha kulikataa.

Lakini soma tena majina mawili ya mwisho katika orodha: magavana, na marais wa mabunge ya majimbo. Katiba iliwapa viongozi wa majimbo ufunguo ule ule iliompa Rais wa Jamhuri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria anaweza kuipita ibara hiyo bila kuitilia maanani, ilhali ni moja ya alama zilizo wazi kabisa kwamba waliotunga Katiba ya 2006 hawakutaka jimbo liwe tawi tu la ofisi ya Kinshasa. Rais wa Bunge la jimbo jipya angeweza kuuliza, Julai ile ile, swali lililofaa kuulizwa: je, ibara ya 198 inaruhusu jimbo kuongozwa, hata kwa muda mfupi, na mtu asiyechaguliwa na wabunge wake? Swali hilo halikufika Mahakamani. Lililofika ni lile la CENI, lililohusu kalenda.

Mahakama yajiweka kando, kisha yaamuru

Mahakama, chini ya uongozi wa rais wake Benoît Lwamba Bindu, ililiona tatizo la kwanza. Ilisema haina uwezo wa kutafsiri sheria ya mpango wala sheria ya uchaguzi, kwa sababu kazi yake ya tafsiri inaishia kwenye Katiba. Kama hukumu ingeishia hapo, ingekuwa fupi na isiyo na dosari kubwa.

Haikuishia hapo. Mahakama ilifunga mlango wa tafsiri, kisha ikapitia dirishani: ilisema kwamba inao uwezo wa kurekebisha mwenendo wa maisha ya kisiasa na utendaji wa taasisi na mamlaka za umma, na kwamba kwa uwezo huo haiwezi kukaa kimya mbele ya hali iliyoelezwa. Ikaiamuru Serikali ichukue bila kukawia hatua za mpito za kipekee ili kulinda utulivu, usalama, na mwendelezo wa huduma za umma katika majimbo yaliyohusika. Ikaiamuru CENI itathmini, kwa uhuru na bila upendeleo, mchakato mzima wa uchaguzi, pamoja na zile chaguzi za 25 Oktoba.

Maneno "hatua za mpito za kipekee" ndiyo moyo wa kisa hiki. Hukumu haikutaja kamishna. Haikusema kwamba Rais ateue watu, wala kwamba asiteue. Haikuweka tarehe ambayo hatua hizo zingekoma. Haikueleza kama waliobaki na mamlaka ya kuchaguliwa, yaani mabunge ya majimbo, wangeshirikishwa kwa namna yoyote. Agizo pana namna hiyo, linapotoka kwenye mahakama ambayo ibara ya 168 inasema hukumu zake hazikatiwi rufaa na zinazifunga mamlaka zote, za kiraia na za kijeshi, pamoja na watu binafsi, ni sawa na kuipa Serikali uhuru wa kuchagua yenyewe mipaka ya uwezo wake.

Uwezo huo umetoka wapi

Nimetafuta katika ibara za Katiba zinazohusu Mahakama hii, kuanzia ile ya 157 hadi ile ya 169, na katika sheria organiki namba 13/026 ya 15 Oktoba 2013 inayopanga kazi zake. Uwezo wa kuangalia kama sheria zinapatana na Katiba umo. Uwezo wa kuamua migogoro ya uchaguzi wa Rais, ya wabunge wa taifa na ya kura ya maoni umo. Uwezo wa kuamua migongano ya madaraka kati ya Serikali na Bunge, na kati ya Dola na majimbo, umo. Uwezo wa jumla wa kurekebisha maisha ya kisiasa haumo.

Wanaozijua katiba za Afrika Magharibi watayatambua maneno yaliyotumiwa. Katiba ya Benin ya 1990, katika ibara yake ya 114, inaiita Mahakama yake ya Katiba chombo kinachorekebisha utendaji wa taasisi na shughuli za mamlaka za umma. Wabenin waliandika jambo hilo wazi, wakaipa mahakama yao silaha hiyo wakijua wanachokifanya. Sisi hatukuandika. Jaji wa Kinshasa aliazima fimbo ya mwenzake wa Cotonou, na kuazima kwa namna hiyo kunavunja kanuni ya msingi ya sheria ya umma, kwamba taasisi inafanya tu yale iliyopewa uwezo wa kuyafanya, tofauti na raia, ambaye anaruhusiwa kufanya yote asiyokatazwa.

Ni haki, hata hivyo, kuieleza hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote, kwa sababu si hoja dhaifu. Majaji walikuwa mbele ya majimbo 21 yasiyo na mkuu halali. Mishahara ililazimika kulipwa, polisi walihitaji maelekezo, shule zilikuwa zinafunguliwa Septemba ile ile. Mahakama ingesema tu kwamba haina uwezo na kurudisha faili, pengo lingebaki, na pengine lingejazwa na wenye nguvu bila hukumu yoyote. Wapo wanasheria ninaowaheshimu wanaoona kwamba hukumu ile iliokoa nchi kutoka katika fujo ya kiutawala. Nakubali kwamba dharura ilikuwapo. Nisichokubali ni kwamba dharura inamwondolea jaji wajibu wa kuweka mpaka. Mahakama inayojipa uwezo ambao haikuandikiwa ingepaswa angalau kuutumia kwa kipimo: kutaja muda, kuitaja ibara ya 198 kama sheria inayobaki na nguvu, na kutamka kwamba hatua ya mpito isigeuke kuwa uteuzi wa wakuu wa majimbo.

Kuna jambo lingine ambalo halikutajwa na lilistahili kutajwa. Ibara ya 220 ya Katiba inakataza marekebisho yoyote ya Katiba yenye lengo au matokeo ya kupunguza madaraka ya majimbo na ya maeneo yaliyogatuliwa. Ni kweli kwamba ibara hiyo inawafunga wanaorekebisha Katiba na haimtaji jaji. Lakini kama Bunge zima, au hata wananchi wenyewe kwa kura ya maoni, hawaruhusiwi kupunguza madaraka hayo, ni vigumu kuelewa jinsi agizo la mahakama lingeweza kuruhusu yapunguzwe, hata kwa muda, bila maelezo ya kina.

Yaliyofuata Lubumbashi

Mwishoni mwa Septemba 2015 Katumbi alijiuzulu ugavana na kukiacha chama tawala cha PPRD. Tarehe 29 Oktoba Rais Joseph Kabila aliteua makamishna maalum, kila mmoja na wasaidizi wake, katika majimbo yote mapya 21. Haut-Katanga ikapewa Jean-Claude Kazembe Musonda, na Lualaba Richard Muyej. Serikali ilisema inatekeleza hukumu, na kwa maneno yaliyoandikwa katika hukumu hiyo ilikuwa vigumu kuithibitishia kinyume chake.

Chaguzi za 25 Oktoba hazikufanyika. Uchaguzi wa magavana ulikuja tarehe 26 Machi 2016, na waliopiga kura walikuwa wale wale wabunge wa 2006, ambao muhula wao ulikuwa umepita kwa miaka. Katika Haut-Katanga alishinda Kazembe, katika Lualaba akashinda Muyej. Mtu aliyekaa miezi mitano katika kiti cha jimbo kwa uteuzi, akiwa na ofisi, magari, watumishi na sahihi ya fedha, aliingia katika uchaguzi huo akiwa mbele ya wenzake kwa mbali. Simlaumu kwa kugombea, kwa maana sheria haikumkataza; Mahakama ndiyo ingeweza kumkataza, kama ingeandika sentensi moja tu ya kuzuia aliyeteuliwa kwa hatua ya mpito asigombee kiti hicho hicho. Wabunge wapya wa majimbo hawakuchaguliwa hadi 30 Desemba 2018.

CENI nayo ilijifunza njia. Mwaka uliofuata ilirudi katika Mahakama hiyo hiyo kuomba ruhusa ya kusogeza uchaguzi wa Rais, na tarehe 17 Oktoba 2016 ikakubaliwa.

Njia zilizokuwa wazi

Tukiiweka siasa pembeni, sheria ilitoa angalau njia tatu za kuleta swali la majimbo mbele ya Mahakama kwa namna iliyo sahihi. Ya kwanza ni ile ya ibara ya 161 niliyoieleza, ya rais wa Bunge la jimbo kuomba tafsiri ya ibara ya 198. Ya pili ni mgongano wa madaraka kati ya Dola na jimbo, ambao uko katika ibara hiyo hiyo na ulikuwa dhahiri pale Rais alipoteua wakuu wa majimbo.

Ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na raia wa kawaida, na ndiyo ambayo mawakili wa Lubumbashi wanapaswa kuizoea zaidi kuliko walivyoizoea sasa. Ibara ya 162 inampa kila mtu haki ya kuishtakia Mahakama ya Katiba sheria au kanuni yoyote anayoona inavunja Katiba. Hahitaji kuwa mbunge wala gavana. Sheria organiki ya 2013 inaweka muda wa miezi sita tangu sheria ichapishwe katika Gazeti Rasmi au ianze kutumika. Hesabu yake katika kisa hiki inauma: tukihesabu tangu siku ilipotangazwa, sheria ya mpango ya 28 Februari ilikuwa inafika mwisho wa miezi hiyo mwishoni mwa Agosti, siku chache tu kabla ya hukumu, na ile ya mipaka mwishoni mwa Septemba. Wakati watu wakisubiri Mahakama iijibu CENI, saa ya raia ilikuwa inakwisha. Uteuzi wa makamishna wa Oktoba ulikuja na saa yake yenyewe, ambayo ilikimbia hadi Aprili 2016, mwezi mmoja baada ya magavana kuchaguliwa.

Baada ya miezi sita kupita hubaki sehemu ya mwisho ya ibara hiyo ya 162, ambayo haina muda maalum. Mtu aliye katika kesi yoyote, mbele ya mahakama yoyote, anaweza kudai kwamba sheria au kanuni inayotumiwa dhidi yake inavunja Katiba. Jaji wa kesi hiyo analazimika kuisimamisha na kulipeleka swali hilo Kinshasa, akiweka kando mambo mengine yote. Mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyedaiwa ushuru kwa uamuzi uliotiwa sahihi na kamishna maalum, au mtumishi aliyefukuzwa kazi kwa barua yake, alikuwa na msingi wa kutosha wa kuleta dai hilo. Dai la namna hiyo lingeilazimisha Mahakama kukutana uso kwa uso na ibara ya 198, ikiwa na mwenye kesi halisi mbele yake na karatasi halisi mezani, na kujibu kwa ndiyo au hapana kama mtu asiyechaguliwa na wabunge wa jimbo anaweza kutumia mamlaka ya gavana. Hukumu ya 8 Septemba haikulijibu swali hilo, kwa sababu halikuulizwa, na wakili atakayelileta katika kesi ya namna hiyo hatazuiwa na ibara ya 168, kwa kuwa hatakuwa anakata rufaa. Atakuwa anauliza jambo ambalo Mahakama haijawahi kuliamua katika kesi hii.